"Wewe uko wapi?": mkufunzi ameniumiza kwa maneno matatu

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 36, mwenyeji wa Ujiji, Kigoma. Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja kwa cheti cha daraja la IIIA, na mwaka huu nimepata ruhusa ya kwenda masomoni. Niko chuo kimoja hapa Tabora, nasomea stashahada. Hisabati sina shida nayo, Saikolojia nayo inakwenda. Kinachonitoa jasho ni kozi ya uandishi.

Nilipoiona kwenye ratiba nilifurahi. Nilidhani tutajifunza kuandika ripoti, kumbukumbu za vikao na barua za kiofisi, vitu vitakavyonifaa nikirudi kituoni kwangu. Kumbe nusu ya kozi ni riwaya, nusu ni mashairi, na kila baada ya wiki tatu ni insha. Tumeanza na Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nakala za maktaba ni chache na sisi tuko wengi, kwa hiyo karibu darasa zima linasoma desa, yaani maelezo ya kunakiliana: dhamira, wahusika, mandhari, kila kitu kimeshapangwa tayari. Mimi nilibahatika kukipata kitabu chenyewe kwa siku nne na nikakisoma mpaka mwisho. Lakini kwenye kuandika nilirudi kwenye desa, maana ndivyo nilivyofundishwa sekondari. Nilitoa hoja kumi: malezi mabaya, ulevi, nafasi ya mwanamke, umaskini, na kuendelea, kila hoja na mfano wake. Nimepata 11 kati ya 30. Pembeni mkufunzi ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huu ni muhtasari na orodha. Wewe uko wapi?"

Mwalimu, maneno hayo yameniumiza. Tangu nianze kusoma nimeambiwa kwamba kwenye insha ya kitaaluma mtu hasemi "mimi". Sasa huyu ananitafuta wapi? Nimwambie kwamba nilipofika pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana nilifunga kitabu nikatoka nje? Desemba iliyopita mimi mwenyewe nilipekua begi la binti yangu wa kidato cha pili, nikakuta karatasi, na sikumuuliza hata neno. Nilishika fimbo kwanza. Karatasi hiyo mpaka leo iko kwenye sanduku langu, wala sijaisoma ikaisha. Na kuna jambo jingine linanikera ambalo desa halisemi. Yule mama, Regina, yuko ndani ya nyumba ileile na anaona. Mbona lawama zote ni za Zakaria peke yake? Lakini hayo ni ya moyoni, siyo ya kuandika kwenye insha.

Mashairi ndiyo usiseme. Nahesabu mizani, naorodhesha vina, nataja kwamba ni tarbia, kisha nabaki nimekodoa macho. Jaribio la kwanza nimepata 4 kati ya 10. Ameandika: "Kwa hiyo?"

Mwenzangu wa chumbani anasema nijitese ya nini, niingize swali kwenye simu, programu ya akili unde iniandikie. Insha ya riwaya tumepewa wiki mbili za kuirudia. Naogopa kula sapu, yaani kurudia mtihani, katika umri huu, nami nimekaa darasani na watoto wa miaka 20. Nifanyeje?

Mama mwanachuo, Tabora


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kalamu nyekundu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nilipofika mara ya pili niliacha kuisoma kama mshauri. Nilichukua kalamu nikaanza kusahihisha, kama nilivyozoea miaka yangu ya darasani, na nilipiga mstari chini ya aya yako ya tatu. Insha uliyoshindwa kumwandikia mkufunzi wako umeniandikia mimi, pale pale ulipokuwa unasema huwezi.

Hebu irudie uone ulichofanya. Umechagua sehemu moja ya kitabu, kipigo kile cha barua, ukaziacha nyingine. Umesema ilikufanya nini. Kisha ukauliza swali ambalo hukulikuta kwenye desa la mtu yeyote: mbona lawama zote ni za Zakaria? Na hukuishia kuuliza. Umetoa na sababu ya kuuliza kwako, kwamba Regina yuko ndani ya nyumba ileile na anaona. Mahali, swali, ushahidi. Hoja kumi za ile insha yako ya kwanza hazina hata moja iliyofika hapo, na ndiyo maana mkufunzi akakutafuta asikuone.

Sasa hilo la "mimi". Walimu wako hawakukudanganya. Mkufunzi hataki kusikia habari za begi la mtoto wako, na ukimwandikia hayo atakupunguzia alama tena, safari hii kwa haki kabisa. Anapouliza "wewe uko wapi" anaulizia uamuzi wako. Umesoma, ukaona, sasa wewe unasema jambo gani kuhusu kitabu hiki ambalo mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kulikataa? Begi la Desemba ndilo lililokuonesha wapi pa kutazama, na kazi yake inaishia hapo. Kuanzia hapo kitabu chenyewe ndicho kitoe jibu, kwa maneno yake, na ukurasa wake uuandike.

Chukua sentensi ambayo nina hakika imo kwenye insha yako: "Mwandishi ameonesha athari za malezi mabaya katika jamii." Nani atabisha? Hakuna. Na kwa kuwa hakuna wa kubisha, hakuna mtu ndani yake. Itazame na hii: "Zakaria anamlinda Rosa dhidi ya wavulana kwa ukali mkubwa kiasi kwamba binti anaondoka nyumbani bila kuwahi kujifunza kusema hapana kwa hiari yake mwenyewe." Neno "mimi" halimo, lakini mwandishi wa sentensi hiyo anaonekana wazi. Amechukua upande. Anadai kwamba ule ulinzi wenyewe ndio ulioandaa anguko. Sasa analazimika kuthibitisha, aende kule mbele Rosa anapokuwa shuleni, kisha chuoni (naye anafika chuo cha ualimu, kama wewe), aoneshe kwa mifano namna binti huyo anavyokutana na uhuru asiowahi kuujaribu hata kidogo. Mwingine anaweza kusimama akasema hapana, tatizo ni wanaume wenye vyeo na nafasi waliomzunguka, ukali wa baba haukuwa na uzito huo. Vizuri. Hapo ndipo insha inapokuwa na kazi ya kufanya.

Mimi nina kipimo kimoja nilichokuwa nikiwapa wanafunzi. Futa majina ya wahusika katika aya yako, weka majina kutoka riwaya nyingine. Kama aya bado inasomeka bila taabu, hujaandika kuhusu kitabu hiki. "Ulevi unaharibu familia" inahamia popote. Desa zima limejengwa kwa sentensi zinazohama. Mtindo huo tumeurithi kutoka mitihani ya sekondari, ile ya "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, toa hoja tatu kutoka kila kitabu". Sitaki kuwalaumu walimu wa sekondari, mimi nilikuwa mmoja wao. Mwenye rundo la karatasi mia mbili za kusahihisha anahitaji hoja zinazohesabika. Lakini kwa miaka minne mwanafunzi anazoea kukitafuta kitabu kilipofanana na vingine. Chuoni anaambiwa akitafute kilipokuwa peke yake, na hakuna aliyemweleza kwamba kazi imebadilika.

Kuhusu Regina, nakuomba uende taratibu. Swali lako ni zuri na nakushauri liwe ndilo insha yako ya kurudia, hilo moja tu, zile kumi ziache. Ila umelianza ukiwa na hasira, na hasira ina haraka ya kutoa hukumu. Regina naye anapigwa katika nyumba ile. Rudi kitabuni utafute kila mahali anapotokea. Andika: hapa anasema nini, hapa anatenda nini kimyakimya, hapa anataka kusema na nini kinamzuia. Mwandishi amempa sauti wapi, na wapi amemnyima? Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na hadithi hii ameianzia hukohuko kisiwani kwake, kwa hiyo ukimya wa mama wa namna ile hakuusoma vitabuni tu. Unaweza kuishia kusema Regina ana sehemu ya lawama. Unaweza kuishia kusema hana, na kwamba kitabu kimemweka pale ili tuone jinsi upendo usio na nguvu unavyoshindwa kumwokoa mtoto. Hata mimi sijui utafika wapi, na hilo lisikutishe. Ukijua mwisho kabla hujafungua ukurasa, umerudi kwenye desa.

Na unapokisoma kumbuka kwamba riwaya hii ilipotoka mwaka 1971 iliwashtua watu, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Leo mkufunzi anakupa uisome uwe mwalimu. Mtu anayeorodhesha "dhamira tano" hawezi kueleza ni kitu gani kilichowaogopesha wakubwa wale. Wewe uliyefunga kitabu ukatoka nje unaweza.

Nakala chache ni tatizo la kweli, sitajifanya kuwa ushauri utaongeza vitabu. Lakini Tabora ina miembe na jioni zake ni nzuri. Kusanya wenzako watano au sita, nakala moja, someni kwa sauti kwa zamu, kurasa ishirini kila jioni. Hao watoto wa miaka 20 unaowaonea haya watakuhitaji kuliko unavyodhani. Watasoma kipigo kile wakiwa upande wa binti, wewe utakisikia ukiwa upande wa mzazi, na mkibishana hapo mtakuwa mmeanza insha zenu kabla hamjashika kalamu. Uwe na daftari dogo: upande mmoja maneno ya kitabu kama yalivyo na ukurasa wake, upande wa pili swali lako. Maelezo ya jumla usiyaandike humo.

Tuje kwenye mashairi, na hapa nina neno na wewe kama mtu wa Ujiji.

Aliyetuandikia kanuni za mizani na vina zikawa kitabu cha kufundishia ni mtu wa kwenu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wengi wanamkumbuka kama meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere, na wengine wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha tu. Lakini mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Kwake shairi lilikuwa wimbo. Lisiloimbika halikuwa shairi. Hesabu ile ilikuwepo ili sauti ipite bila kujikwaa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi huyuhuyu wa riwaya yako akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi wa wana arudhi, wanaoshikilia kanuni za vina na mizani, na wana mashairi huru ukawaka. Waliobishana waliumizwa kweli. Hakuna anayegombana hivyo kwa ajili ya hesabu tupu. Waligombea mahali maana ya shairi inapokaa.

Ndiyo sababu mkufunzi anakuuliza "Kwa hiyo?" Umehesabu, sawa. Hesabu imekuonesha nini? Ngoja nikutungie ubeti mmoja hapa, tuufanyie kazi pamoja:

Treni imepiga honi, mama bado hajafika,
Namwona kule njiani, mzigo unaanguka,
Nami niko dirishani, sauti imekauka,
Treni imepiga honi.

Ungeandika hivi: ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia, mishororo mitatu ina mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "ka", mshororo wa nne una mizani nane, kwa hiyo shairi ni la msuko. Yote ni kweli na unastahili hizo alama nne. Kwa hiyo?

Usome kwa sauti, au uuimbe kama mnavyoimba harusini. Sikio lako limeshazoea nane na nane mara tatu. Kwenye mshororo wa nne unafika katikati ukisubiri nusu ya pili, na haiji. Nusu gani? Unaijua, uliisikia mwanzoni: "mama bado hajafika". Msemaji amerudia honi lakini mama hakumrudia. Kwa nini? Tazama mshororo uliotangulia umeishia na nini: sauti imekauka. Ametuambia hawezi tena kusema, na shairi likatii, likamkatia maneno. Kilichobaki kinasikika ni honi tu. Au pengine treni imeshaondoka na sentensi ya mama haina kazi tena, maana "bado" ni neno la mtu mwenye matumaini. Chagua mojawapo, itetee. Ukifika hapo, neno "msuko" limeacha kuwa jina la kukariri, limekuwa ushahidi wako.

Fanya hivyo kwa kila shairi atakalokupa. Tafuta mahali hesabu inapokatika, au mahali mshairi alipolazimika kupindua mpangilio wa maneno ili kina kipatikane, kisha jiulize neno lililosukumwa mwisho lina uzito gani. Kwenye shairi huru tazama mstari ulipokatwa, kwa kuwa huko hakuna mizani ya kumlazimisha. Amekata hapo kwa kutaka. Sehemu moja au mbili zinatosha kwa insha nzima.

Kuhusu simu. Sikushauri, na nasema kwa moyo wote. Hiyo programu itakuandikia insha safi kuhusu malezi mabaya, ulevi na nafasi ya mwanamke, yaani desa lako lilelile likiwa limevaa suti, na mkufunzi aliyekuuliza uko wapi atauliza tena. Halafu utarudi kituoni, na mtoto wa darasa la sita atakuletea insha yake umwoneshe penye kasoro. Utamwonesha kwa macho gani?

Umelalamika pia kwamba ulitaka ripoti na barua, ukapewa riwaya. Fikiria barua ambayo umeiandika mara nyingi kazini, ile ya kumwita mzazi. "Mtoto wako ameiba kalamu." "Mtoto wako amekutwa na kalamu ya mwenzake." Tukio ni lilelile, karatasi ni ileile, na mtoto anayeibeba kwenda nyumbani hajui kama jioni hiyo atapigwa au ataulizwa. Neno moja ndilo limeamua. Hakuna somo la barua za kiofisi ninalolijua ambalo linamfundisha mwalimu kuuona uzito huo vizuri kama riwaya ambayo binti anavunjwa ndani yake kwa sababu ya barua. Kumbukumbu za kikao utajifunza kwa wiki moja, muundo wake ni mfupi.

Kesho au keshokutwa mfuate mkufunzi ofisini. Usiende kulia alama. Mwambie: "Nataka kurudia insha kwa swali moja tu, Regina anaona nini na kwa nini sauti yake haifiki mbali. Je, linatosha?" Nadhani atakwambia limezidi, upunguze. Kubali. Aya ya kwanza iandike kama ulivyoniandikia mimi, kwa pumzi ileile, halafu ondoa "mimi" na ondoa begi, acha vilivyobaki. Kama baada ya hapo bado utaanguka, sapu haijaua mtu, na utaiingilia ukiwa na unachosema.

Limebaki la sanduku. Umeniambia karatasi ya binti yako hujaisoma ikaisha. Usiimalizie. Likizo ikifika, ukishapita Urambo na Kaliua na Uvinza, ukashuka na mizigo yako Kigoma, mpe mwenyewe mkononi ikiwa imekunjwa vilevile, na umwombe, kama atapenda, akusomee yeye.